Kuku, Mwewe na Zaburi ya 91

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mwewe alishuka uani kwetu, huku Goba, akaondoka na kifaranga. Hata "shii!" hatukuwahi kusema. Tetea aliruka juu kama kimo cha mtu, akarudi chini akiwa ametanua mbawa na kupiga kelele, na vifaranga sita wakajazana chini yake. Asubuhi walikuwa saba.

Mwanangu wa pili, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kipande cha chapati mkononi. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali lililotugombanisha watu wazima siku nzima na sehemu ya Jumapili:

"Huyu mmoja hakuingia kwenye mbawa?"

Swali hilo lilikuwa langu kabisa. Wiki moja kabla yake mvua ilianza ghafla, tetea huyohuyo akawafunika wanawe mpaka tukawa tunaona miguu tu, kumi na minne, kama vijiti vya kiberiti. Nikachuchumaa kando ya mtoto. Nikamwambia, unaona? Mungu naye hutuficha hivyohivyo chini ya mbawa zake, hakuna kitu kinachoweza kutupata. Zaburi ya 91. Niliinuka nikijisifu moyoni, maana nilikuwa nimefanya kile tunachohimizwa katika kila semina ya akina mama: mwonyeshe mtoto Mungu katika mambo ya kila siku. Sasa mambo ya kila siku yalikuwa yamerudi kudai chenji.

Mchana, chai ilipowekwa barazani, kesi ikafunguliwa. Walikuwapo mama mkwe wangu, ambaye hushuka kutoka Machame mara mbili kwa mwaka na mikungu yake ya ndizi na Biblia ambayo jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa viatu, mume wangu, jirani yetu anayefundisha watoto wadogo shule ya Jumapili usharikani, na mimi. Dada wa kazi alikuwa jikoni, mlango wazi. Majina ya watoto nayaacha, watakuja kunidai wakikua. Ya wakubwa nayaacha kwa sababu Bibi hajaniruhusu.

BIBI: Swali gumu liko wapi hapo? Mwambie kifaranga hakumsikia mama yake alipoita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Somo limekwisha, mtoto amalize chapati yake.

BABA: Mama, yule kifaranga alikuwa na siku kumi na mbili. Hakumkaidi mtu. Alikuwa anadonoa pumba.

BIBI: Na wewe ulikuwa na miaka mitatu ulipokaidi ukaenda kucheza kwenye mfereji. Nilikuchapa, nikakusimulia habari za Yona, na mpaka leo unakumbuka.

BABA: Nakumbuka fimbo. Yona nilimsoma baadaye.

Tulicheka, Bibi naye akacheka, lakini mume wangu alikuwa bado hajatua mzigo.

BABA: Ngoja niseme lililo moyoni, mama, unisamehe. Nyumbani sukari ilikaa kwenye kopo juu ya kabati. Kabati lenyewe halikuwa na kufuli. Ulisema tu, "Mungu anakuona." Kwa miaka mingi niliamini Mungu anakaa pale juu, nyuma ya kopo, analinda sukari. Nilipoenda bweni nikakuta sukari haina mlinzi, nikajua Mungu hakuja na sisi. Kumrudisha kulinichukua muda.

BIBI: Lakini sukari ilibaki.

BABA: Sukari ilibaki, ndiyo.

Nilitaka kumuunga mkono, nikajikuta siwezi. Bibi alimtumia Mungu kufunga kabati. Mimi nilikuwa nimemtumia kuku kujibu jambo ambalo mtoto alikuwa hajaliuliza. Wakati ule wa mvua hakuuliza kitu, alikuwa anahesabu miguu. Mimi ndiye niliyeona mlango wa somo nikauingilia mbio, nikamwachia ahadi ambayo mimi mwenyewe, nikiulizwa na mtu mzima msibani, nisingethubutu kuitamka hivyo.

MWALIMU: Watoto wangu wa Jumapili wameshaijua sura yangu ya somo. Nikishika jani tu, nikiinamisha kichwa, mmoja ameshasema "Mungu ameliumba", na jani lenyewe hajaliangalia. Juzi nikachuma makusudi jani lililotobolewa. Wakasema Mungu ameliumba. Nikawauliza, na hili tundu? Kimya. Ndipo wakaanza kusogea waone.

BIBI: Tundu ukawaambia ni la nini?

MWALIMU: Sikuwaambia kitu, bibi. Tulimtafuta mdudu. Tulimpata chini ya jani lingine.

BIBI: Kumbe sadaka zetu zinalipa watu watafute wadudu.

MWALIMU: Silipwi, bibi.

Kisha Mwalimu akafanya jambo ambalo sisi wengine, pamoja na kelele zetu zote, hatukuwa tumelifanya. Aliomba Biblia ya Bibi akaenda kumtafuta kuku. Nilidhani atafungua Zaburi. Akafungua Injili. Kuku yumo mara mbili, kwa Mathayo sura ya 23 na kwa Luka sura ya 13, na maneno yanakaribia kufanana: Yesu anaulilia Yerusalemu kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku na vifaranga, nao hawakutaka. Ni kilio. Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo tangu utoto, na kumbe nilikuwa nimeyaweka chungu kimoja na Zaburi ya 91, kwa kuwa pote kuna mbawa. Kwa Luka kuna zaidi. Mistari miwili tu kabla ya kuku, Yesu amemwita Herode mbweha. Yaani yule kuku ametajwa mbweha akiwa mlangoni, na anayemtaja yuko safarini kuelekea mji ambao anajua atauawa humo.

Bibi alivaa miwani, akajisomea mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Akasema, "Hm." Kwa tunaomjua, hiyo ni hotuba.

BABA: Sawa. Lakini huyu ana miaka minne. Nimwambie kuku wa kwenye Injili alikamatwa na mbweha? Hatalala.

MWALIMU: Ijumaa Kuu huwa unamwambia nini?

Mume wangu akaangalia chai yake.

Mwalimu hakumwacha palepale, maana si mtu wa kushinda kesi kisha akakaa kimya. Akatueleza habari za Sofia Cavalletti, msomi wa Kiebrania wa Roma, ambaye mwaka 1954 alianza kuwafundisha watoto wadogo pamoja na mwenzake Gianna Gobbi aliyekuwa mtaalamu wa mbinu za Montessori. Walikuwa na chumba chenye vitu vidogovidogo vya kushika, vijisanamu vya kondoo na mchungaji wao, na zizi. Mkubwa husimulia mfano, huuliza swali moja mawili, kisha huacha mtoto ahamishe kondoo kwa mikono yake. Maana haitolewi mezani kama wali uliokwisha kupakuliwa. Mwalimu anasema yeye hana vijisanamu, ana vifuniko vya soda, vyeupe ni kondoo. Chekundu ndiye mchungaji. Nilimuuliza kwa nini chekundu. "Ndicho kilikuwa kimoja," akasema.

Hapo Bibi akaweka kikombe chini.

BIBI: Mnaongea kama vile mtoto lazima aelewe leo. Mimi nilikariri Katekisimu Ndogo kabla ya kipaimara, neno kwa neno, majani ya ng'ombe kichwani, napanda mlima. Nusu yake sikuielewa. Baba yenu alipofariki nilikaa kwenye benchi la hospitali, sina sala hata moja ya kwangu. Yakaja yale ya kukariri. Yalikuwa yananisubiri miaka arobaini. Mama yangu angengoja mpaka niulize, pale kwenye benchi ningeshika nini?

Hakuna aliyejibu. Hoja hiyo sijaijibu hata sasa, wala sitajifanya. Mimi ni wa kizazi kilichofundishwa kwamba kukariri ni adui wa kuelewa, na nina marafiki waliolelewa bila kukaririshwa chochote, ambao wakifika kwenye benchi la namna ile hutafuta maneno kwenye simu.

Tena historia iko upande wa Bibi kuliko anavyojua. Luther alipokagua sharika za Saksonia mwaka 1528 alikuta wakulima wasioijua hata Sala ya Bwana, na wachungaji ambao nao walikuwa hoi. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo, na kabla haijawa kijitabu ilichapwa kama mabango ya kubandika ukutani. Aliyelengwa hasa ni mwenye nyumba, awafundishe watu wake, watoto na watumishi, kwa maneno mepesi. Lile swali linalojirudia humo, la maana yake nini, lilitungwa likiwa na harufu ya jiko. Sisi ndio tuliolihamishia kwenye darasa la kipaimara na kulivalisha tai.

Ila nikamwambia Bibi, kwa adabu zote: angalia, mama, nani anauliza. Kwenye Katekisimu mkubwa anauliza, mtoto anajibu. Kwenye Torati ni kinyume. Kutoka sura ya 12, usiku wa Pasaka, damu iko mlangoni na mkate haukutiwa chachu, na Musa anasema watoto wenu watawauliza maana yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 6, mtoto anauliza tena. Yoshua sura ya 4, mawe kumi na mawili yametolewa katikati ya Yordani yakasimikwa Gilgali, hayana maandishi hata herufi moja. Yamewekwa hapo ili siku moja mtoto ayaone na kuuliza, haya mawe ni ya nini? Kazi ya mzazi ni kubeba mawe mazito na kuyaweka mahali mtoto atakapopita. Kisha awe karibu.

Jambo la namna hiyo limewahi kunitokea mara moja tu bila kulipanga. Nilikuwa nimekanda unga wa maandazi, nimetia hamira, nimefunika beseni kwa kanga. Mtoto akawa anainua pindo la kanga kila baada ya dakika mbili. Mwishowe akanong'ona, "Mama, nani yuko ndani anapuliza?" Nikamsimulia mfano wa mwanamke na chachu, Mathayo 13, jinsi alivyoificha ndani ya unga. Akauliza unga kiasi gani. Biblia yetu inasema pishi tatu, na pishi ya zamani ni vibaba vinne, lakini kipimo cha Kigiriki kilichotafsiriwa hivyo ni kikubwa kuliko pishi yetu: vitatu vyake hupita kilo ishirini. Huo ni unga wa shughuli, wa kulisha mtaa. Nilimwambia hivyo. "Alikuwa anapikia watu wote?" Nikasema inaelekea. Akarudisha pindo la kanga taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Mpaka leo sijui alichojifunza, na maandazi yenyewe hayakuumuka vizuri kwa sababu ya ile kufunuafunua.

BIBI: Basi hapo si mama aliyefundisha? Hata kwa Paulo ni hivyo. Imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake, Loisi, ikafika kwa mama yake, Eunike. Bibi ametangulia kutajwa. Baba hana hata jina, tunaambiwa tu alikuwa Myunani.

BABA: Mimi ni Mchaga, mama.

BIBI: Myunani ni anayerudi nyumbani usiku.

Mzaha huo ulimchoma mume wangu kuliko Bibi alivyokusudia, maana hakucheka. Akavuta Biblia, akarudi Kumbukumbu la Torati 6, pale Musa anapotaja saa za kuwafundisha watoto: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka.

BABA: Haya, tuhesabu. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri niwahi daladala kabla foleni haijafunga. Mama yao anatoka saa kumi na mbili na nusu. Tunarudi wanasinzia. Kuketi nyumbani si sisi. Kutembea njiani, kuwapeleka shule na kuwarudisha, si sisi. Kuamka, tumeshaondoka. Kulala, labda nusu. Katika nne tuna nusu. Tunabishania somo la nani, wakati saa si zetu?

Tuligeuka wote, kwa mara ya kwanza mchana ule, kuangalia jikoni.

Nina neno hapa kuhusu nyumba kama yetu, na naanza na yangu. Semina za malezi usharikani hufanyika Jumamosi. Dada hubaki na watoto ili sisi tukajifunze jinsi ya kukaa na watoto. Tunarudi na daftari zimejaa. Nimehudhuria nyingi, sijawahi kusikia mtu akisema, na waleteni wale wanaoshinda nao. Tunamkabidhi dada wetu uji, nepi na funguo, na yale maswali ya saa nne asubuhi, halafu tunaamini kwamba malezi ya kiroho yamebaki kwetu, kwa kuwa usiku tunasali mezani dakika tano.

Mume wangu akamwita. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kanga.

BABA: Dada, wewe alikuuliza nini kuhusu kifaranga?

DADA: Aliuliza kama alivyomuuliza mama. Nikamwambia sijui, twende tukawaangalie. Tukawahesabu, sita. Akasema mwewe amempeleka wapi. Nikamwambia kwa watoto wake, nao wana njaa. Akalia kidogo. Halafu akataka maji.

BIBI: Ukamwambia hujui? Mtoto atamwaminije Mungu wa watu wasiojua?

DADA: Bibi, ningemdanganya angejua. Huwa anajua.

Akarudi jikoni, maharage yalikuwa yanaungua.

Jumapili baada ya ibada Bibi alikaa barazani peke yake muda mrefu. Niliposogea na chai aliniambia nikae. Usiku hakulala vizuri, akasema, alikuwa anamtafuta mwewe kama Mwalimu alivyomtafuta kuku. Alikuwa amempata jamaa yake, tai, kwenye Ayubu sura ya 39: kiota chake kiko juu kwenye majabali, na makinda yake hunywa damu. "Na anayesema si Ayubu wala wale marafiki zake wajuaji. Ni Mungu mwenyewe anayesema hivyo, wala haombi radhi." Halafu Zaburi ya 147, ambako makinda ya kunguru wanalia na wanalishwa. Alisema ameimba na kusali maisha yake yote, hajawahi kuisikia ile sura ya Ayubu ikihubiriwa mpaka mwisho, na huyu binti ameihubiri na mikono yenye sabuni.

Nikamuuliza, kwa hiyo tumwambie mtoto nini?

"Mimi ningali nasema kifaranga alikaidi," akasema. Akanywa chai. "Ila mwewe atarudi. Hajui kama tuna mjadala. Tafuteni wavu."

Mume wangu alipata wavu chakavu kwa wavuvi wa Kunduchi, bado unanuka dagaa. Jioni ile, dada akiwa amepanda juu ya kigoda cha jikoni, tukaanza kuutandaza juu ya banda, kutoka kwenye mti wa mwarobaini mpaka kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Tetea alikuwa ameshaingia. Mtoto alisimama katikati, kichwa juu, akiangalia matundu ya wavu yakikata mbingu vipande vidogovidogo.

"Mama," akasema, "wavu ni mbawa?"

Nilifungua mdomo. Zaburi ya 91 ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na Luka 13 nyuma yake imepanga foleni.

"Shika hapa," dada akamwambia kutoka juu. "Vuta, nifunge kamba."

Akashika kwa mikono miwili, akavuta. Mimi nikaenda kushika upande wa pili.